Mkono wa Kuazima

Maabarani walimwita Mama Mbu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, aliingia kwenye kile chumba chenye joto la kitanda cha mgonjwa, akafunga milango yote miwili nyuma yake, akapandisha mkono wa shati na kuutumbukiza mkono wa kushoto kwenye soksi ya wavu iliyoshonewa ubavuni mwa kizimba. Mbu majike walimjia mbio kama wageni wa arusi waliosikia sahani zikigongana. Yeye aliketi kwenye kigoda, akafungua makala kwa mkono wa kulia, akasoma huku akiliwa.

"Mama Mbu, watoto wamekula?" walimuuliza akitoka.

"Wamekula, wamelala."

"Na baba yao?"

"Baba yao anaramba sukari tu, hana kazi nyingine. Kama wa kwenu."

Hakuwa anajitesa kwa kupenda. Mbu wa wanafunzi wengine walikula damu ya ng'ombe iliyopashwa moto ndani ya utando mwembamba, wakashiba, wakataga, wenye mbu wakaenda zao kunywa kahawa. Mbu wake walikataa. Ukoo mzima ulitokana na jike mmoja aliyenaswa kwenye kinamasi nyuma ya nyumba ya mama yake; wenzake wote wa siku ile walikufa njiani bila kuacha hata yai. Huyo mmoja alimuuma mkononi, akataga kwenye bakuli la maji, na kizazi kikazaa kizazi. Halafu kinamasi kikafukiwa, yakajengwa maghala juu yake. Mbu wa aina ile hawakubakia pengine popote, au ndivyo alivyopenda kusema akiwa na wasikilizaji. La uhakika ni kwamba tasnifu yake haikuwa na mbu wengine. Hao wakifa, shahada imekufa, na ile miaka yote imekwenda na maji.

Mwaka wa kwanza aliutumia kuutia mkono adabu. Mkono wa binadamu una akili zake: mbu akitua huku, wa pili unainuka kule kabla mwenyewe hujaamua lolote. Ilibidi aufunge ule wa kulia kwa mtandio kwenye mguu wa kigoda, kama mbuzi. Ukapigana, ukachoka, ukazoea. Mwisho alifika mahali ambapo hata matangani, watu wote wakijipiga makofi miguuni, yeye aliketi ametulia akiumwa usoni, na shangazi zake wakanong'ona kwamba mtoto amerogwa na kusoma.

Ndipo ukaja mwaliko. Kongamano la wataalamu wa wadudu, ng'ambo, yeye akiwa miongoni mwa wazungumzaji. Lilikuwa la siku nne. Lakini alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani, na mtu akishavuka bahari kisha akageuza pale pale kama aliyesahau ufunguo nyumbani, huyo safari imempita bure. Alifungua ramani. Baada ya kongamano kulikuwa na garimoshi. Garimoshi lilipita kando ya ziwa. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na mji wa mawe na mnara, na baada ya mji milima yenye theluji. Siku nne zikazaa wiki tatu. Akakata tiketi kwanza. La mbu atalifikiria baadaye.

Jirani yake wa meza, kijana mpole aliyekuwa akifuga mbu wa damu ya ng'ombe, alijitolea kuwapa mkono wake. Majike walitua, wakanusa, wakaondoka. Akajaribu tena kesho yake. Hakuna.

"Mbu hachagui bure," alisema msimamizi wake, mzee mwenye kipara aliyeongea na kijiti cha meno mdomoni. "Tatizo ni sabuni, au jasho, au wewe umewadekeza. Tafuta mkono mwingine. Na ukikosa, baki."

Kubaki hakukuwamo kwenye ramani. Akaenda kwa dada yake.

Dada yake alikuwa msusi. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, kimoja kimepasuka, na benchi la wateja ambalo halikuwahi kuwa tupu, kwa sababu dada alikuwa na vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mama yao alipolala kitandani mwaka mzima, dada ndiye aliyeacha shule, akambeba mdogo wake mgongoni, akamwogesha, akamsuka, akampeleka darasani, akamsubiri getini. Jambo hilo lilikuwa halitajwi kwao. Liliketi tu ndani ya nyumba kama kabati zito ambalo kila mtu amezoea kulizunguka.

"Kwa hiyo unataka nini?" dada aliuliza, midomo yake ikibana nywele za bandia. "Niwape mbu mkono wangu?"

"Robo saa tu, dada. Kila asubuhi. Ni wasafi wale, hawana malaria."

"Wasafi! Wamekoga?"

Wateja wakacheka. Mama yao, aliyekuwa pembeni akichambua mboga, aliinua kichwa. "Kwani vyandarua vimeisha madukani? Mtu mzima na akili zake anaumwa kwa makusudi?"

"Ni masomo, mama."

"Na huo mkutano wenyewe ni wa muda gani?" dada aliuliza.

"Wiki tatu."

"Watu wanazungumzia mbu wiki tatu?"

"Wataalamu, dada. Wanaongea sana."

Dada alimtazama kwenye kioo, kile kilichopasuka, hata uso wake ukatoka vipande viwili. Halafu akasema, "Sisi damu moja. Labda watanikubali."

Walimkubali. Asubuhi iliyofuata mkono wa dada uliingia kwenye wavu na majike wakamiminika juu yake kama hawajala tangu kuumbwa. Mama Mbu alipiga vigelegele mle chumbani. Dada hakupiga. Alikuwa ameuma mdomo, na mkono wa kulia ameukalia.

"Sharti ni moja," Mama Mbu alimwambia. "Usipake kitu mkononi. Losheni, manukato, chochote. Na yale mafuta ya kufukuza mbu ndiyo sumu kabisa. Ukiingiza mkono una mafuta yale, wavu wote umenyonya dawa, na anayegusa wavu anakufa. Ukipaka umewaua wote, na mimi umenizika nikiwa hai. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mdogo wangu. Nenda salama."

Akaenda.

Ya kongamano hayahitaji maneno mengi. Ukumbi ulikuwa na zulia na baridi, watu walivaa kadi shingoni, na kila mmoja alitazama kadi ya mwenzake kabla ya kutazama uso. Siku mbili za mwanzo hakuna aliyemsemesha. Usiku wa kuamkia zamu yake, dada alimtumia picha. Mkono wake ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni, madoa mekundu yamekaribiana hadi yameungana, ngozi inang'aa kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Chini ameandika: *Hii ni kawaida? Wateja wawili wamenikimbia, wanasema nina ugonjwa. Mama kaninunulia mafuta ya mbu, nimeyaweka tu kwenye mkoba, usiogope.*

Alitazama picha ile kwa muda. Kisha akaandika: *Kawaida kabisa. Vumilia dada, ni sayansi hiyo.* Na akaihamishia picha kwenye mada yake.

Kesho yake mkono wa dada ulitandazwa ukutani, mkubwa kuliko mlango wa ghala. Mama Mbu alieleza habari za ukoo wake, jike mmoja, kinamasi kilichofukiwa, mbu wasiotaka damu ya dukani. "Na kwa sasa," alisema, akielekeza kimwanga chekundu cha kuonyeshea kwenye uvimbe, "mimi nipo hapa nakula keki zenu, na wao wako kule wanamla dada yangu."

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wengine wakapiga picha. Kicheko kile kilimpandia kichwani kuliko divai. Alisogea akarudia kwa njia nyingine: "Yeye ni msusi. Na nywele zenyewe siku hizi anasuka kwa mkono mmoja." Wakacheka tena.

Baadaye mtaalamu mmoja aliyevaa tai ya kipepeo, mtu ambaye wenzake walimpisha akipita, alimshika bega. Kwake kulikuwa na maabara, kulikuwa na nafasi, ya miaka kadhaa, na mshahara. "Niletee mayai," alimwambia. "Ukirudi kwenu, nitumie mayai ya ukoo huo. Yakifika hai, nafasi ni yako. Yasipofika, sina la kukufanyia; wenye mikono ni wengi, mwenye mbu hao ni wewe peke yako."

Angeweza kurudi siku ile. Hata msimamizi wake alimwandikia kwamba angefanya vizuri kurudi. Lakini garimoshi lilikuwa limeshalipiwa, na moyo wa mtu aliyeshangiliwa hausikii baridi wala ushauri.

Aliona mnara. Aliona theluji, akaitia mdomoni. Alisafiri na kikundi cha wanafunzi wa kongamano lile lile, watu wa lugha tano waliokuwa wakichekeana kwa lugha ya sita. Ziwani walikuta visubi, wadudu wadogo kama punje za pilipili, wenye kuuma kwa fujo. Kila mtu alijipiga makofi. Mwanzo yeye aliuachia mkono wake kama alivyozoea, wenzake wakamcheka: "Piga! Huyo si wa utafiti, huyo!" Akapiga mmoja. Akapiga wa pili. Kulikuwa na raha fulani ndani yake, raha ya utotoni, kofi kisha kinyaa kidogo kisha kicheko. Kufikia jioni mkono wake wa kulia ulikuwa unaruka wenyewe. Mmoja wao alimpiga picha hapo hapo, mdomo wazi, kiganja kimetua juu ya mkono wa kushoto, maji ya buluu nyuma yake, na Mama Mbu mwenyewe akaiandikia: *Huku nako wapo! Lakini hawa nawaua.* Ikaingia kwenye mkusanyiko wa picha za kongamano, pamoja na nyingine zote.

Dada hakuandika tena. Mama Mbu alifikiri kimya maana yake mambo ni shwari.

Aliporudi hakupitia nyumbani. Alikwenda maabara na sanduku lake, akavua viatu, akafungua mlango wa kwanza, akafungua wa pili, na joto likampokea. Kilichokosekana ni ile sauti. Chumba cha mbu kina uimbaji mwembamba ambao anayeishi nao hausikii mpaka unyamaze.

Sakafu ya kizimba ilikuwa nyeusi kama mtu amemwaga majani ya chai. Alipiga ubavu wa wavu kwa kidole. Hakuna kilichopaa. Mabeseni ya viluwiluwi yalikuwa na maji matupu: wa mwisho walikuwa wamekwisha kuwa mbu, jirani wa meza akawatia kizimbani kama alivyoelekezwa, nao wakafia mle mle juu ya wenzao. Aliingiza pua kwenye soksi ya wavu. Ilinukia mchaichai na dawa.

Saluni ilikuwa imejaa. Dada alikuwa akimsuka bibi mmoja mnene aliyesinzia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshapungua uvimbe, umebaki na makovu meusi, madogo madogo, mengi.

"Umefika," alisema bila kugeuka. "Theluji ilikuwaje?"

Mama Mbu alisimama mlangoni. "Umepaka mafuta."

"Nimepaka."

"Nilikwambia usipake! Nilikwambia mbele ya—"

"Uliniambia. Nilisikia vizuri, mimi si kiziwi." Vidole vyake havikupunguza mwendo. "Yule jirani yako wa meza, mtoto mwenye adabu, alinionyesha picha. Alidhani nitafurahi. Dada, anasema, umekuwa nyota huko ng'ambo! Nikajiona ukutani. Nikaona watu wanavyocheka hadi wamefunga macho. Nikamuuliza, wanacheka nini? Akaona haya, akasema hajui. Halafu picha ya pili ni wewe ziwani, kwenye mkutano wa wiki tatu, unaua mdudu."

Wateja wa benchini waligeuka kutazama. Hata bibi aliyesinzia alifumbua macho.

"Kesho yake nikafungua mkoba," dada aliendelea. "Nikapaka kuanzia bega mpaka ukucha. Mama alisema lazima mtu ayasugue yaingie. Nikayasugua. Nikaingiza mkono, nikakaa robo saa yangu kamili, maana sikutaka useme nimetega kazi. Hakuna aliyeniuma. Wakawa wanadondoka mmoja mmoja, tap, tap. Nikajisemea, kumbe ilikuwa rahisi hivi."

"Unajua umefanya nini? Nilikuwa nimepata nafasi! Kazi, dada! Maisha!" Sauti ilimkatika, kisha ikarudi ikiwa nyingine, nyembamba, ile aliyokuwa akiisikia ukumbini akipiga mzaha wake. "Lakini wewe utajuaje? Ungejuaje? Hujawahi kumaliza kitu chochote maishani mwako. Hata shule ilikushinda."

Lile kabati zito lililokuwa likizungukwa miaka yote lilikuwa limeanguka katikati ya saluni.

Dada alifunga fundo la msuko aliokuwa akisuka. Alilikaza, akakata uzi kwa meno.

"Shule ilinishinda," alisema taratibu, "kwa sababu nilikuwa na kupe mgongoni. Nikadhani akishiba atabanduka." Akachukua chanuo. "Haya toka, unanizibia mwanga."

Mama yao alikuwa pale pale na mboga zake. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Mbu," alisema. "Nimezaa watoto wawili, na wanagombania mbu."

Alirudi maabara kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kwenye korido simu yake ililia. Alikuwa yule wa tai ya kipepeo. *Bado nasubiri mayai.* Msimamizi alimkuta ameegemea ukuta, akasikiliza kila kitu huku kijiti kikihama kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine.

"Pole," alisema. "Mbu hufa. Ndiyo tabia yao kubwa." Akafikiri kidogo. "Chumba kile nimeshampa jirani yako, ataingia leo jioni. Toa vitu vyako. Na hiyo tasnifu, ukitaka, iandike kama taazia."

Akaenda akicheka peke yake. Lilimfurahisha hilo neno.

Alifunga milango miwili. Akaanza kukusanya: bakuli, pamba za sukari, makala zenye alama za kahawa. Akatungua koti jeupe lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, na kitu kikapaa kutoka kwenye kola.

Alisimama kama jiwe.

Jike. Mabawa yenye madoa, miguu ya nyuma imeinuliwa, tumbo jembamba kama uzi, njaa tupu. Siku fulani, soksi ya wavu ikiwa haijafungwa vizuri, alichoropoka kabla ya mafuta, akaishi kwa unyevu wa pamba zile, akijificha kwenye koti lenye jasho la Mama Mbu mwenyewe. Alikuwa ametoka kizimbani, na kizimbani madume walikuwapo, kwa hiyo mbegu alikuwa nayo tayari. Alichokosa ni damu. Mlo mmoja, usingizi wa siku mbili, bakuli la maji, na mayai yangekuwa hapo. Ukoo wote ulianza hivyo hivyo. Kazi, nafasi, tasnifu, vyote vilikuwa vinaelea pale hewani, uzito wa punje ya vumbi.

Hakuthubutu kumvuta kwa mrija wa kunasia mbu, angeweza kumvunja. Kizimba kilikuwa sumu. Alizima feni. Alikaa kwenye kigoda, akapandisha mkono wa shati, akaunyoosha mkono wa kushoto juu ya goti kama mtu anayemwita ndege, akapumua kwa mdomo ili pumzi imfikie. "Njoo," alimwambia. "Njoo mama. Njoo ule."

Jike alizunguka. Alitua ukutani. Alipaa tena. Nje kwenye korido ilisikika mikokoteni, jirani wa meza akihamisha vizimba vyake. Jike alishuka, akapita karibu na uso wake, akimwimbia sikioni, na Mama Mbu akafumba macho kwa furaha kwa sababu sauti ile ilikuwa imerudi. Kisha akahisi, juu kidogo ya kifundo cha mkono, wepesi wa miguu sita inayotafuta mahali. Halafu ncha ya sindano.

Kofi lililia mle chumbani kama mlango uliobamizwa.

Alifumbua macho. Kiganja cha kulia kilikuwa kimetua juu ya mkono wa kushoto, kimebana, kama cha mtu aliyefurahi ziwani. Hakukiondoa. Mwisho alikiinua kidole kimoja kimoja. Chini yake palikuwa na alama nyeusi, mguu mmoja umekunjika, bawa limebandika kwenye ngozi. Damu haikuwapo. Hakuwa amepata hata kuonja.

Mlango wa nje uligongwa.

"Mama Mbu," jirani wa meza aliita kwa upole wake ule ule, "umemaliza humo? Hawa wangu wanapata baridi huku."

Alijifuta mkono kwenye koti.

"Nimemaliza," alisema. "Waingize."